UZI: Kuna mtu ashatumia ile mashine ya umeme ya kichwani kwa mgonjwa asiyejitambua?

Mwana_Kisauni (Jumanne, saa 5:40 usiku)

Salam aleikum na hamjambo nyote. Mnisamehe naandika na simu, ndio zamu yangu ya kumgeuza mgonjwa, nikikatika katikati mjue nimeinuka.

Ni hivi. Mdogo wangu wa miaka 26 alianguka na boda maeneo ya Bombolulu hapa Mombasa miezi saba iliyopita. Helmeti alikuwa nayo, imening'inia kwenye usukani kama kawaida yetu. Akapasuliwa kichwa wakatoa damu iliyoganda, akalala ICU siku 19, halafu wodini wiki kama sita, halafu tukaambiwa tumchukue. Sasa yuko nyumbani. Asubuhi yuafungua macho, usiku yuafunga, apiga miayo, akohoa, lakini ukimwita hajibu. Ukimwambia finya mkono mara afinya mara hafinyi. Twamlisha kwa mpira wa puani. Mamangu ashikilia kwamba mtoto amuona, kila siku neno ni hilo hilo, "huyu aniona". Daktari wa mwisho alisimama pale miguuni mwa kitanda kama dakika mbili akasema huyu ni wa hivyo hivyo, mkubali.

Kilichonileta: wiki jana kaja jamaa kaletwa na jirani, ana mashine kwenye kibegi, kofia ya mpira na waya mbili na sponji, asema yatia umeme mdogo kwenye ubongo na mgonjwa huamka, vikao 10 tu ataongea. Bei elfu 160, nusu kwanza. Ana video kwenye simu za wazungu wakiamka. Babangu mdogo ashaanza kutafuta mteja wa kiploti chake kule Mtwapa na bi mkubwa ashavua bangili zake kazifunga kwenye leso, ziko juu ya kabati nikiandika hapa naziona.

Je hii kitu ipo kweli au twaliwa?

Kibao_Kikavu (saa 5:52 usiku)

Elfu 160! Kwa pesa hiyo ungepata boda nyingine ya mkono wa pili na helmeti za mtaa mzima. Mwaliwa, funga uzi tulale.

bintiMajengo (saa 5:58 usiku)

@Kibao_Kikavu mtu yuko na mgonjwa saa sita za usiku weye waleta maskhara. Kama huna la kusema pita.

Kibao_Kikavu (saa 6:01 usiku)

Haya nisameheni. Lakini la kuliwa sijalifuta.

fundi_waya (saa 6:10 usiku)

Nipostie picha ya hiyo mashine, upande wa nyuma hasa kwenye maandishi. Mie si daktari, ni wa nyaya, lakini najua kusoma sahani ya mashine.

Mwana_Kisauni (saa 6:31 usiku)

Nlipiga moja jamaa akiwa aswali. Hiyo hapo. Samahani mkono ulitetema.

fundi_waya (saa 6:44 usiku)

Nimeona. Hiyo ni batri ya volti 9, ile ile ya redio, na kisanduku cha kudhibiti mkondo. Maandishi yasema miliampea 2. Ili muelewe ni kitu gani, chaja ya simu yako hiyo unayoandikia yaweza kutoa ampea 2 nzima, yaani mara elfu moja ya hiyo. Kwa hivyo wanaofikiria mtu atarushwa kitandani kama kwenye sinema, hapana, hapo atasikia kuwashwa tu kwenye ngozi. Sasa kama kitu kidogo hivyo chaweza kumuamsha mtu hilo mie sijui, waje wenyewe. Lakini vipuri vilivyomo humo nikikuunganishia mie, pamoja na sponji, hufikishi elfu tano. Na SINGEKUUNGANISHIA, msianze kuja inboksi.

FizioMtopanga (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Pole sana ndugu yangu na pole kwa bi mkubwa. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, nawaona wagonjwa wa aina hii majumbani, Kisauni mpaka Shanzu. Kabla hatujafika kwenye umeme nataka kukuuliza vitu. Moja, alipoanguka moyo wake uliwahi kusimama au alikosa hewa muda mrefu, ama ni kichwa tu kilichopigwa? Mbili, ana chuma chochote kichwani, sahani, skrubu, au lile fupa walilotoa walilirudisha? Tatu, amewahi kupatwa na degedege tangu aumie? Nne nitajie dawa zote anazokunywa, zote, hata za kupaka.

Mwana_Kisauni (saa 1:40 asubuhi)

Moyo haukusimama alhamdulillah, ni kichwa. Fupa lilirudishwa na daktari alisema kuna vibati vidogo vya kulishikilia. Degedege alipata mbili akiwa ICU, tangu hapo hapana. Dawa: fenitoini ya kuzuia degedege asubuhi na usiku, baklofeni mara tatu kwa ajili ya kukakamaa, na ya tumbo.

FizioMtopanga (saa 2:05 asubuhi)

Sawa. Umenijibu mengi kuliko unavyodhani.

Huyo jamaa wa mashine alikuuliza lolote kati ya hayo? Maanake mtu mwenye vibati kichwani na historia ya degedege hatiwi umeme, hata mdogo, mpaka daktari wa ubongo akae aangalie. Kama hakuuliza ushapata jibu nusu.

La pili, fenitoini na baklofeni zote mbili zinaweza kumzidishia mtu usingizi. SIKUAMBII uziache, ukiikata fenitoini ghafla utaita degedege irudi. Nakwambia mwende mkaulize kama kipimo chaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Nishaona mgonjwa aliyeonekana gogo kumbe nusu ya ugogo ni chupa ya dawa.

Na kubwa kuliko yote: nani alishawahi kumpima huyu kijana kama yumo au hayumo? Nazungumzia kukaa naye nusu saa na kumpima, wala si kusimama miguuni mwa kitanda.

MpimaMawimbi (saa 4:20 asubuhi)

Nimeusoma uzi wote tangu mwanzo. Kazi yangu ni kupima mawimbi ya ubongo, zile nyaya za EEG wanazobandika kichwani kuangalia kifafa, kwa hivyo haya mambo nayafuatilia kwa muda. Ntaandika refu.

Kwanza tuelewane maneno maanake watu husema koma kwa kila kitu. Koma ni macho yamefungwa, haamki kwa lolote, na haidumu, wiki kadhaa tu kisha mtu afa au afungua macho. Akifungua macho ndipo njia zapasuka. Kuna anayeamka na kulala lakini hakuna dalili kwamba ajijua wala ajua mliopo, hiyo ndiyo ile walioipa jina baya la mtu kama mmea tangu 1972, siku hizi wengi wasema tu kuamka bila kuitikia. Halafu kuna wa katikati, fahamu ipo lakini kidogo na yaja yaenda, leo afuata kwa macho kesho hafuati, asubuhi afinya mkono jioni hafinyi. Hili kundi la pili lilipewa jina lake rasmi 2002 tu, kabla ya hapo walikuwa wakitiwa kapu moja na wengine.

Sasa kutofautisha hawa wawili ni kazi, hata kwa mabingwa. Ubelgiji 2009 walichukua wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawana fahamu, wakawapima upya kwa kile kipimo maalum cha alama 0 mpaka 23, na 18 kati yao wakaonekana wana fahamu kidogo. Kumi na nane! Na hao walikuwa kwenye hospitali zenye kila kitu.

Na kuna wengine ndani zaidi. 2006 Uingereza, mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi mitano haitikii kitu, wakamuingiza kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya ubongo, wakamwambia jifikirie wacheza tenisi, halafu jifikirie watembea nyumbani kwako chumba kwa chumba, na ubongo wake ukawaka sehemu zile zile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Ikaonekana ni bahati ya mmoja. Lakini 2024 ikatoka tafiti ya nchi kadhaa, wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili, na 60 kati yao, robo nzima, walikuwa waifuata amri ndani ya ubongo tu.

Yaani wapiga hodi, hakuna jibu, waondoka wasema nyumba tupu, kumbe mwenyewe yuko ndani kitandani amesikia hodi zote ila hawezi kuufikia mlango.

Naenda kumpima mtu, nikirudi ntaandika ya umeme.

MvuviMtongwe (saa 4:41 asubuhi)

Wakati twamngoja, mie nna langu. Yuko aina ya taa, si yule mwenye mwiba, huyu mwengine laini mviringo, ukimkanyaga kwenye mchanga mguu wafa ganzi mpaka pajani. Babu zetu wakimuogopa. Mjukuu wangu anisomea kwamba zamani za Warumi, miaka kama 2000 iliyopita, daktari wao akiitwa Scribonius Largus alikuwa amchukua samaki wa namna hiyo yu hai amuweka kichwani mwa mtu anayeumwa na kichwa sugu mpaka ganzi imshike. Kwa hivyo umeme kichwani si jambo la jana. Bei ya samaki siijui.

Kibao_Kikavu (saa 4:50 asubuhi)

Mzee ungemuuzia yule jamaa wazo, kesho angekuja na ndoo.

MpimaMawimbi (saa 7:30 mchana)

😂 Mzee yuko sahihi kabisa kuhusu yule Mrumi.

Haya umeme. Kuna namna nyingi na wauzaji huzichanganya makusudi, wakuonyesha video ya hii wakuuzia ile.

Ya kwanza ni ya kupasua. Waingiza nyaya nyembamba mpaka katikati ya ubongo kwenye thalamasi, na kifuani chini ya ngozi waweka kibatri. Thalamasi ifikirieni kama steji ya Mwembe Tayari. Karibu njia zote za ubongo zapita pale, za kuona, za kusikia, za kuamsha. Ajali mbaya ikitokea steji yapoa, magari hayaitwi hayajai hayatoki, ijapokuwa barabara nyingine huko nje zipo nzima. Umeme kazi yake ni ya makanga, kupiga debe steji ichangamke. Mgonjwa anayetajwa sana ni Mmarekani wa miaka 38 aliyepigwa kichwani na watu, miaka sita yuko ile hali ya katikati, analishwa kwa mpira. Akafanyiwa 2005 na habari ikatoka 2007, daktari Nicholas Schiff na wenzake. Baadaye akawa atafuna na kumeza chakula kwa mdomo na kusema maneno. Na walifanya kwa uaminifu, kuna vipindi mashine iliwashwa na vipindi ilizimwa bila wapimaji kujua, tofauti ikaonekana. Lakini angalieni, alikuwa mtu mmoja, na kabla ya kupasuliwa ALIKUWA na fahamu kidogo iliyothibitishwa. Barabara zilikuwepo. Makanga hawezi kuita gari mahali barabara imekatika.

Ya pili ni ya neva ya shingoni, vagasi. Lyon Ufaransa 2017, mtu wa miaka 35, ajali ya gari, miaka 15 hana dalili. Wakamuwekea kidude, mwezi mmoja baadaye akawa afuata kitu kwa macho na ageuza kichwa akiambiwa, polepole sana. Magazeti yakaandika ameamka. Hakuamka vile tunavyosema sisi kuamka, alivuka kutoka kundi la kwanza kwenda la katikati. Kwa mamake huyo mtu bila shaka ni dunia nzima, siidharau, ila si kuamka akaomba chai.

Ya tatu ndiyo hii ya kibegi. Sponji mbili zimeloweshwa maji ya chumvi, moja juu ya paji upande wa kushoto, nyengine juu ya jicho la kulia, miliampea 2, dakika 20. Huu umeme haulazimishi chembe ya ubongo kufyatua, waisogeza karibu na kufyatua tu, ikiwa ina la kusema italisema kwa urahisi kidogo. Wabelgiji wa Liège walijaribu kwa wagonjwa 55 na matokeo yakatoka 2014. Wale wa hali ya katikati 30, walioonyesha kitu kipya ni 13. Wale wasio na dalili 25, walioonyesha ni 2. Na hicho kitu kipya chadumu saa chache tu kisha kinazimika. Wakirudia siku tano mfululizo yadumu zaidi kwa baadhi. Walipofanya kubwa ya hospitali kadhaa, wagonjwa 62, wiki nne, kwa jumla hakukuwa na tofauti kati ya waliotiwa umeme na waliovishwa kofia bila umeme. Kwa hivyo si uongo, na si muujiza. Hakuna mahali popote kwenye hayo yote palipoandikwa vikao 10 ataongea.

fundi_waya (saa 7:44 mchana)

Swali la kifundi. Sponji ikikauka katikati ya dakika 20?

MpimaMawimbi (saa 7:50 mchana)

Umegonga penyewe. Ikikauka umeme wote wapita kwenye tundu moja dogo la ngozi na waunguza. Mtu mzima angesema aa yaniwasha toa. Huyu hawezi kusema.

Mwana_Kisauni (saa 8:02 mchana)

Hilo la mwisho limenikaa.

bintiMajengo (saa 10:15 alasiri)

Mie sikutaka kuandika lakini naandika. Mamangu alisimama moyo akiwa kwenye dialisisi, walimrudisha lakini ubongo ulikuwa ushakosa hewa. Miezi minne macho wazi. Tukauziwa hiyo hiyo, si huyo jamaa pengine lakini ni kofia hiyo hiyo, na kliniki moja iliyokuwa juu ya duka, vikao 20, kila kikao tumpandishe ngazi kwa shuka ghorofa mbili watu wanne. Kikao cha tatu wakasema ameanza kuitikia kwa sababu alitoa machozi. Mie nikalia nikapiga simu kwa ndugu zangu wote mpaka Muscat. Baadaye nesi mmoja wa kutembelea nyumbani akaniambia kwa upole kwamba macho yasiyopepesa vizuri hukauka na hutoa machozi yenyewe. Nlimchukia huyo nesi mwezi mzima.

Hakuna aliyetwambia kwamba ubongo uliokosa hewa ni tofauti na uliopigwa. Hakuna. Mamangu alifariki mwezi wa sita na vidonda vya mgongoni, kwa sababu ile pesa ya godoro la hewa ndiyo tuliyolipia kofia.

Mwana_Kisauni wako kapigwa kichwa, si sawa na wangu. Nakwambia tu nunua godoro kwanza.

Nesi_wa_usiku (saa 1:30 usiku)

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Na yuko sahihi kuhusu hizo hali mbili, aliyepigwa kichwa huangaliwa mpaka mwaka mzima kabla watu kuanza kusema ni ya kudumu kwake, aliyekosa hewa muda wake ni mfupi zaidi, miezi mitatu. Miezi saba kwa kichwa si mwisho. Na hata neno la milele Wamarekani 2018 walilitoa kwenye mwongozo wao, wasema sugu.

Cha kuongeza ni kwamba kuna dawa ya zamani ya wagonjwa wa kutetemeka, amantadini, walijaribu kwa watu 184 walioumia kichwa, ilitoka 2012, wiki nne, na waliopewa walipata nafuu haraka kuliko waliopewa dawa bandia. Ni vidonge. Haina kofia. Hao walikuwa wiki 4 hadi 16 tangu waumie na wako wa miezi saba, tena dawa hiyo yaweza kuchokoza degedege kwa hivyo ni ya daktari kuamua, lakini muulize. Halafu waambie wamuangalie maji kichwani. Mgonjwa aliyepasuliwa huweza kujaza maji pole pole na mwaona hana maendeleo kumbe ni maji, yakitolewa abadilika. Hiyo ndiyo ningeitolea pesa ya skani kabla ya kitu chengine chochote.

Maalim_wa_Bondeni (saa 2:10 usiku)

Na kisomo msiache. Msomeeni Yasini kwa sauti ya wastani, kombe mpakeni msimnyweshe, asije akapaliwa.

Nesi_wa_usiku (saa 2:14 usiku)

Maalim nakushukuru kwa hilo la kutomnywesha kuliko unavyojua.

FizioMtopanga (saa 3:00 usiku)

Haya narudi kwa mamako. Yeye asema amuona. Tumpime mtoto na tumpime na mama.

Chukua kioo cha mkono. Subiri awe macho hasa, umeshamgeuza, umemuinua mgongo kwa mito, televisheni imezimwa na watoto wametoka. Kiweke mbele ya uso wake kama sentimita 10 mpaka 15 ajione. Usiseme kitu. Kipeleke pole pole kushoto, urudi kati, kulia, juu, chini. Halafu rudia yote mara nyingine. Waangalia kama macho yanakifuata kioo bila kukatika. Watu hujaribu kwa kidole au tochi, lakini uso wa mtu mwenyewe ndio unaovuta macho kuliko vyote. Kuna wagonjwa hawafuati mtu akipita wala kitu ila kioo wafuata.

Ule mkono wa kufinya usiuhesabu kwanza, kiganja chaweza kujifunga chenyewe kikiguswa kama cha mtoto mchanga. Ukitaka amri, mwambie angalia juu, au funga macho, kisha hesabu kimoyo moyo mpaka kumi umpe nafasi.

Fanya mara tano hivi ndani ya wiki mbili, saa tofauti. Hii hali yaja yaenda, ukipima mara moja umepima bahati. Andika tarehe na saa, rekodi video, na kwenye video MSIONGEE.

Mwana_Kisauni (saa 3:20 usiku)

Kioo tunacho cha bafuni cha kunyolea. Naanza kesho baada ya alfajiri.

Kibao_Kikavu (saa 3:25 usiku)

Na jamaa wa mashine ukimuona muulize sponji zawekwa wapi na kwa nini hapo. Swali hilo tu. Halafu tuletee jibu.

Mwana_Kisauni (Jumatatu, siku 12 baadaye, saa 4:10 usiku)

Nimerudi. Naandika kwa mpangilio nlivyoandika kwenye daftari.

Siku ya kwanza saa 12 na nusu asubuhi, hakuna. Macho kayatupa darini. Ya pili alisinzia, sikuhesabu. Ya tatu saa 4 asubuhi, kioo kikienda kushoto macho yakaenda, nikasema bahati, nikarudia, yakaenda tena mpaka mwisho. Kulia hapana, kikivuka pua tu ayaacha. Juu chini hapana. Siku ya nne na tano alikuwa na homa, mkojo ulikuwa mchafu, tukamtibu kwanza. Siku ya nane kushoto mara mbili, kulia hapana. Siku ya kumi nikampa mama ashike kioo. Kushoto mara mbili, na juu mara moja. Ya kumi na moja hakuna kitu kabisa, kama hajawahi.

Leo tumeenda kliniki ya ubongo, jina lake silitaji. Daktari kijana, nikampa simu aangalie video. Kaangalia mara moja, karudisha nyuma, kaangalia tena. Halafu kavuta kiti. Wallahi hicho kiti ndicho nlichokiona mie, miezi saba hakuna daktari aliyevuta kiti. Kampima yeye mwenyewe kama dakika 40, na kioo chetu kile kile kwa sababu wao hawakuwa nacho. Kasema huyu si wa kutoitikia, huyu yuko ile ya katikati, na upande wa kulia huenda haoni au ubongo haushughuliki nao, kwa hivyo miezi yote sisi tukisimama kulia kwake ndiko hatuonekani. Kitanda chetu kimegusa ukuta wa kushoto! Sote twasimama kulia. Isipokuwa mama, ambaye hukaa kitandani upande wa ukutani akimpangusa uso.

Fenitoini itabadilishwa polepole kwa nyengine isiyolaza sana. Skani ya maji kichwani ni Alhamisi. Amantadini kasema baada ya skani na baada ya ile dawa kukaa sawa, si kabla. Nikamuuliza umeme. Kasema kwa vile vibati na zile degedege yeye hagusi sasa hivi, na kama siku moja patakuwa na utafiti wa maana ataniita mwenyewe, ila asingetaka nimlipe mtu.

FizioMtopanga (saa 4:22 usiku)

Vuteni kitanda katikati ya chumba leo leo.

Mwana_Kisauni (saa 4:25 usiku)

Tushavuta kabla ya magharibi.

Kibao_Kikavu (saa 4:27 usiku)

Na jamaa?

Mwana_Kisauni (saa 4:33 usiku)

Alikuja Ijumaa. Nikamuuliza sponji zawekwa wapi. Kaniambia "popote kichwani, umeme watafuta njia wenyewe". Babangu mdogo akamsindikiza mpaka kituoni kwa adabu zote. Ploti haijauzwa. Godoro la hewa tumepata la mkono wa pili, lapiga kelele kama friji lakini lafanya kazi.

bintiMajengo (saa 4:40 usiku)

Alhamdulillah kwa godoro. Bi mkubwa kasemaje kuhusu kushoto?

Mwana_Kisauni (saa 4:52 usiku)

Hakusema kitu kliniki. Kwenye tuktuk tukirudi ndio akasema "si nliwambia" mara moja tu, kisha akanyamaza mpaka nyumbani. Bangili kazivaa. Kioo amekataa kukirudisha bafuni, twanyoa ndevu kwa kamera ya simu.